Kitabu cha Wajapani na Mgomba wa Celestin

Jumatatu, 2 Juni 2025

Andika tarehe kwanza, Ninsiima. Umeandika? Haya.

Leo mvua hakuna, kahawa imekauka vizuri kwenye turubai. Mbuzi wa Byabato ameingia tena migombani. Nimemfukuza na fimbo. Byabato mwenyewe yuko kilabuni, hana habari. Shemeji yangu huyo, tangu mume wangu afe, anajifanya baba wa kila mtu hapa Nyakatuntu.

Kitabu kimetufikia. Zamu yetu. Mackrine amekileta, kakifunga na majani makavu ya mgomba, juu yake kaweka kahawa ya kutafuna, kiganja kizima. Ndivyo tulivyokubaliana wanawake wa kwaya — kitabu ni mgeni, hakipelekwi nyumba ya mtu bila kahawa. Mgeni fulani alikisahau kwenye gesti ya dada yake Mackrine, Omurushaka. Hadithi za Wajapani, zimetiwa Kiswahili. Jalada halipo tena. Kinanuka moshi wa majiko yote kilikopita.

Mackrine kasema, ile ya mwisho ilimliza. Halafu kaniangalia, kanyamaza, kaanza kusifu kahawa yangu. Mackrine kunyamaza! Labda anaumwa.

Jumapili, 8 Juni

Ninsiima ananisomea jioni, tunachambua kahawa. Mkamwana wangu anasoma vizuri, sauti haikimbii. (Andika na hilo, usione haya.)

Wajapani kumbe ni watu. Mimi nilijua magari yao tu. Wanavua viatu mlangoni. Chini wametandika majani yaliyosukwa — kama nyumba ya mama yangu, tulivyokuwa tunatandika nyasi, na ole wako uzikanyage na matope. Wali asubuhi, wali jioni. Ndizi hawana, maskini. Wakisalimiana wanainama mpaka kiunoni. Vijana wa hapa shikamoo yenyewe wanakutupia wakiwa juu ya pikipiki.

Hadithi ya mwisho tumeianza. Mama mmoja mzee, kwao milimani, baridi mpaka maji yanakuwa mawe. Mwanawe alikwenda kukata miti, theluji ikaporomoka, hakuonekana. Wenzake wanataka waweke jiwe kilimani, jina lake juu, yaishe. Mama hataki. Kila jioni anampakulia wali. Anapanga ndoo— hapana, futa, ndara. Anapanga ndara zake zimeangalia ndani, akirudi avae.

Nimemwambia Ninsiima afunge kitabu. Kwa leo basi.

Sasa nani alimwambia Mjapani habari za nyumba yangu? Mwanangu Celestin, mume wa Ninsiima, alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, shimo likaporomoka. Wengine walitolewa. Yeye hakutolewa hai, hakutolewa maiti. Huu mwaka wa nne. Koti lake liko kwenye msumari, nalipiga vumbi mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Tumemaliza. Amerudi! Alfajiri mlango umesogezwa, kijana kaingia, theluji kwenye nywele. Kakaa akala ule wali. Mama kamwongezea.

Nimelia. Ninsiima naye akaenda nje kuangalia kuku. Kuku walikuwa wameshalala.

Jumapili, 15 Juni

Kikao. Byabato kaja na wazee wawili baada ya ibada, wamekunywa rubisi yangu kwanza, pombe yote ya ndizi, ndipo wakasema. Kwamba Celestin azikwe. Kwetu mtu asipoonekana, ukoo unakata mgomba, unauvika lubugo, nguo ya gome la mti, kama maiti, unauzika badala yake. Lakini mama ndiye anayeonyesha mgomba upi. Mama asipoonyesha, panga haliguswi.

Byabato kasema Ninsiima bado kijana. Kasema hawezi kuposwa akiwa mke wa mtu asiyejulikana aliko. Hilo kalisema kwa sababu ya Anatory wa Bugomora, yule mfugaji aliyefiwa na mke. Analeta maziwa hapa, anayaacha kwenye ua, anasalimia mpaka jogoo. Mimi naona. Mzee si kipofu.

Nikawaambia siwezi. Nikawaambia habari za yule mama wa Kijapani, walivyombana na jiwe lao, akakataa, mtoto akarudi.

Byabato kasema, "Shemeji, siku hizi ukoo wetu unaongozwa na Wajapani?"

Nikamwambia, "Gari ulilopanda jana kwenda Omurushaka la nani? Mbona hukushuka?"

Wazee wamecheka mpaka rubisi imewapalia. Wameondoka bila kuonyeshwa mgomba. Ninsiima hakucheka. Alikuwa anakusanya vibuyu, kichwa chini.

Jumanne, 17 Juni

Andika, Ninsiima. Usiache kitu.

Mchana Mackrine kaja kuchukua kitabu, kinakwenda kwa Kembabazi. Wewe ulikuwa kisimani. Mackrine kanishika mkono kasema, pole, mama Celestin, mimi mwenyewe pale yule bibi anapomfungia mkamwana wake furushi nilishindwa kuendelea.

Nikamuuliza furushi gani.

Akaanza kutafuta njia ya kutoka. Nikamwambia, Mackrine, kaa. Soma mpaka nikwambie basi.

Kasoma. Hakuna mlango uliosogezwa. Hakuna kijana mwenye theluji. Yule mama kaona mkamwana wake anazeeka kwa kungoja, kila jioni wanakula wawili, bakuli la tatu linapoa katikati yao. Asubuhi kachukua ndara za mwanawe, kapanda kilimani, kaziweka penye jiwe. Karudi, kalifunika lile bakuli kifudifudi. Kisha kamfungia yule binti furushi kwa mikono yake, kamwambia, nenda kabla njia haijafungwa. Binti kaenda. Mama kabaki mlangoni. Basi. Ndio mwisho.

Mbona kalamu imesimama? Andika.

Nimemuuliza Ninsiima, mwanangu, kwa nini ulinisomea mengine. Kasema, "Ningekusomeaje, mama? Ungedhani ni mimi naomba."

Waitu. Nimevuta ungo, nikachambua kahawa iliyokwisha kuchambuliwa.

Ijumaa, 20 Juni

Hatukuandika juzi wala jana. Maziwa ya Anatory yameganda kwenye ua, hakuna aliyeyaingiza. Leo nimeyaingiza mimi.

Nimemtuma mtu kwa Byabato. Aje kesho na lubugo.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi. Watu wamekuja, wanawake wa kwaya wote, Kembabazi kaja na kitabu kwenye kapu, hajui akiweke wapi. Shimo limechimbwa pembeni mwa kaburi la mume wangu. Fupi kidogo. Celestin alikuwa mrefu. Nimewaambia waongeze, wakaongeza, hakuna aliyebisha.

Koti nimelitoa kwenye msumari. Litakwenda na mgomba. Msumari nimeuacha.

Usiku nilikuwa nimefunga kitu. Kiko nyuma ya mlango, kwenye kanga yangu ile ya ubarikio. Vitenge viwili, kibuyu cha siagi, kahawa ya kutafuna, maana hutakwenda nyumba ya watu mikono mitupu. Ulikuwa hujakiona? Sasa umekijua. Usilie juu ya karatasi, wino utatapakaa. Si leo. Hata mwezi ujao. Lakini kimefungwa.

Sijui nani ataandika siku zangu. Mackrine anaandika, lakini ataongeza yake. Na wewe uliongeza, sawa, lakini yako...

Hilo liache.

Nimepita migombani alfajiri, nimeangalia mmoja mmoja. Ule alioupanda mwenyewe kabla hajaondoka umetoa mkungu, ndizi bado vidole vya mtoto. Ule sitaki. Ule hapana. Lakini kila mwingine ninaosimama mbele yake, mkono hauinuki.

Byabato anaita. Unamsikia? Anasema jua linapanda, shemeji, ni upi, tuonyeshe.

Mwambie nakuja. Hapana, usimwambie bado. Maliza mstari kwanza.