Namba Ulizonisomea Alfajiri

Baba,

Kamwene. Nakuandikia kutoka Makambako, kwenye meza ileile ninayosahihishia madaftari, kwa sababu miche ya Mama imeungua na sina wa kumwambia.

Ni ile miche ya parachichi uliyoiacha nyuma ya nyumba, Mjimwema, Njombe. Jumanne jioni Mama alinipigia simu, akanisomea vipimajoto vyote viwili, cha hewani na cha ardhini, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nikaingiza namba kwenye programu yetu ya kukadiria baridi ya alfajiri, ikasema hakuna sakitu, umande hautaganda. Nikamwambia alale, asihangaike na nyasi za kufunikia. Asubuhi kitalu chote kilikuwa cheupe, na jua lilipopanda kikawa cheusi. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Baba yako angefunika."

Ni kweli, ungefunika. Ulikuwa unanisikiliza mpaka mwisho, unasema, "Asante, mwalimu," halafu unatazama nyota na kwenda kubeba nyasi. Nami nilikuwa nacheka. Kumbe ubishi wako ndio uliokuwa ukiilinda miche, si hesabu zangu.

Unakumbuka nilivyokueleza ile milinganyo miwili? Ardhi inaipa hewa joto, hewa inalipoteza angani, na huwezi kutatua mmoja ukauacha mwenzake. Kompyuta inakwenda kwa hatua ndogondogo, dakika kumi kumi mpaka alfajiri, na kila hatua inauliza kwanza zote mbili zimefikia wapi. Ukasema hiyo ni ndoa tu, haihitaji kompyuta.

Wiki nzima nimetafuta kosa. Nimepunguza hatua hadi dakika moja, nimebadilisha njia ya kukokotoa, jibu ni lilelile: joto, Baba, joto ambalo halipo. Jumamosi nikapanda gari kuja Njombe, nikakaa jikoni na Mama, nikamwuliza ulikuwa unasomaje vipimo vya alfajiri, vile ulivyonipigia simu nirekebishie programu. Akasema kile cha ardhini kina mshale mkubwa, ulikisoma palepale. Cha hewani, chenye kioo chembamba, ulikichomoa ukaja nacho kando ya moto, ukainama kwenye mwanga, kwa sababu macho yako yalikuwa yamekwisha na ulimkataza kutuambia.

Misimu miwili ya baridi umenipa joto la jikoni, nami nikairekebisha milinganyo mpaka ikakubaliana nalo.

Nimekasirika, Baba. Ningekuletea miwani. Ningekuletea hata tochi. Mwalimu wa fizikia mzima, sikukuuliza hata siku moja unasoma ukiwa umesimama wapi. Sasa nifanye nini? Nikisahihisha, naziondoa alfajiri zote ulizonipigia, na ndizo nilizobaki nazo. Nikiacha, sakitu itaunguza na viazi vya Mama shambani. Leo nimefungua programu mara tatu, nimeifunga mara tatu.

Pumzika, Baba. Likizo nitakuja nisome mwenyewe, nje, baridini, ingawa sijui kama msimu mmoja utatosha kuanza upya. Namba zako sitazifuta. Nitazihamishia kwenye daftari la pembeni, na juu nitaandika kwamba hili ndilo joto la nyumbani kwetu. Mama bado ananisomea vipimo kila jioni, nami bado nampa jibu. Halafu namwambia asinisikilize, afunike.

Mwanao