Kazi ya Kulwa Inangoja Neno Lako

Mtani wangu Ramadhani,

Nilikupoteza Alhamisi ile ya mwanzo wa masika, kabla ya adhuhuri, na pamoja nawe nikapoteza nusu ya kazi yetu, ile nusu nisiyoijua. Nakuandikia nikiwa na hasira. Usiseme Mnyamwezi huyu hana adabu kwa wafu. Utani wetu haukuzikwa, na babu yako Mzaramo mla pweza, aliyefuata msafara kutoka pwani hadi huku Tabora, ndiye aliyeuanza.

Nikupe hesabu kwanza. Ulituacha na nyumba kumi na moja mikononi, za kuuza na za kupangisha. Leo zimebaki saba. Wenye nyumba wanne wamechukua funguo zao, na hakuna hata mmoja aliyelalamikia bei. Bei zangu ni sahihi. Chumba chenye kisima uani najua kinazidi kwa kiasi gani chumba cha njia ya stesheni. Wamelalamikia mdomo. Kassimu, dalali wetu, alimwambia mjane mmoja mbele ya watoto wake, "Nyumba ya marehemu ikikaa sana hushuka bei, mama, tufanye haraka." Mama yule akainuka, akamfungulia mlango atoke. Ungekuwa wewe, ungekaa naye jamvini mpaka akwambie mwenyewe kwa nini anauza. Mimi hilo siliwezi. Nilitoka Puge kwa miguu, nikabeba mizigo stesheni, nikapenda hesabu kwa sababu hesabu haimkunjii mtu uso.

Kwa hiyo lazima tuajiri. Na sharti letu ulilitunga wewe: dalali hatumwulizi maswali, tunamtazama msibani. Amekaa wapi. Amenyamaza lini. Ameinuka kuchota maji kabla hajaambiwa, au amengoja sahani ya wali. Na lazima tumwone sote wawili, tukubali sote wawili. Mmoja akikataa, basi. Kwa Kassimu tulikosea kwa kuwa msiba haukutokea upesi, tukamjaribu harusini. Harusini kila mtu ana moyo mzuri.

Sasa yupo mtu wa Nzega, mtu mzima mwenye mke, anaitwa Kulwa. Nilimwona msibani kwako. Ndiyo, kwako. Wewe pia ulikuwepo, ila ndani ya sanda.

Siku ile kazi ya utani ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyepaswa kulala mlangoni, nizuie jeneza, nidai ugoro, nikutukane mpaka watu wacheke. Nilifika mlangoni, nikasimama kando. Sikuweza. Sijui niseme nini zaidi, sikuweza tu. Ndipo mtu nisiyemjua akajitupa kizingitini, akapiga kelele: "Mla pweza huyu hatoki! Hatoki mpaka Waziri wa Chumvi aniambie nani atamwonjea mchuzi huko aendako!"

Bi Zuhura, mkeo, alicheka. Alicheka huku analia, akajifunika ushungi, na wanawake wote mle ndani wakacheka naye. Hapo hapo Kulwa akanyamaza, akasimama, akatia bega chini ya jeneza. Hakurudia mzaha tena siku nzima.

Lakini, Ramadhani! Waziri wa Chumvi! Jina hilo ulimwita mkeo wakati wa kula tu, mkiwa wawili au mkiwa na mimi. Nani alimpa Kulwa?

Nilimwuliza baada ya kuanua tanga. Akanijibu kwa adabu, "Mzee Yohana, mimi na marehemu tulikutana Igalula, tukingoja treni iliyochelewa. Tulizungumza mpaka ikafika. Alisema kazi ipo, nije Tabora."

Kazi ipo! Ulimwambia mtu kazi ipo, na mimi sijui? Au jina lile alilidaka asubuhi ya mazishi, mkeo alipowatajia wanawake waliokuwa wakimliwaza, akalitumia papo hapo, kisha akatunga safari ya Igalula? Anayesoma moyo wa mtu upesi hivyo atashindwaje kusoma mfuko wake?

Nikamjaribu. Unamkumbuka Bi Mwanaidi wa mtaa wa Ng'ambo, yule anayefukuza wapangaji kwa macho. Kulwa alikaa kwake mchana kutwa akimenya karanga, hakutaja chumba. Aliporudi akasema, "Mzee, yule mama kodi haimsumbui. Anataka mtu atakayemwamkia asubuhi. Mtafutie mwanamke mwenye mtoto." Nikampelekea mama mmoja fundi wa cherehani na bintiye. Bi Mwanaidi ameniletea kuku wa shukrani. Kuku nilimla, wasiwasi haukunitoka.

Maana sasa Bi Zuhura anataka kuuza nyumba yenu, aende kwa dada yake Ujiji, na amesema haitashikwa na dalali mwingine ila Kulwa. "Yule ananielewa, shemeji." Neno hilo linaninyima usingizi. Nyumba ile ndiyo mali yake yote. Kulwa akiwa mkweli, atamtafutia mnunuzi mwema, au hata amwambie asiuze. Akiwa mwongo, atalia naye mpaka amfikishe bomani kutia dole gumba. Nina mizani ya kila kitu, machozi sina mizani yake.

Nilimwambia usoni, "Nakushuku." Akacheka kidogo. "Hata mimi ningejishuku, mzee. Tangu lini Mnyamwezi akalilia nyumba ya Mzaramo?" Nikacheka. Ona sasa, hata mimi amenipata.

Kwa upande wangu nimekubali, shingo upande. Linabaki neno lako. Nakuahidi: ukimkataa, nitamfukuza hata kama nyumba zote saba zitaondoka naye. Ukimkubali, nitamkalisha meza moja na mimi, na kila karatasi ya Bi Zuhura itapita machoni pangu kabla ya mtu kuigusa. Kaburi lako nimelipalilia. Pumzika, mla pweza. Nakukosa kuliko nilivyodhani.

Siamini ndoto, lakini wewe hukushindwa kamwe kuingia nyumba iliyofungwa. Njoo. Usinijie na mafumbo, wala usinyamaze kama ulivyozoea ili nikubali mwenyewe. Kulwa anafika kwangu Jumatatu saa mbili asubuhi. Kabla ya saa hiyo nijibu moja kwa moja: ulimwahidi kazi pale Igalula, au hukumwahidi?

Yohana