Maji ya Mwisho ya Mama

Kijiji cha Ujamaa Kemorwa,
S.L.P. Mugumu,
Mkoa wa Mara.
2 Aprili, 1975

Mpendwa Mama Mdogo Regina,

Shikamoo. Kuna neno sijamwambia mtu yeyote, na nikianza na habari nyingine nitaogopa kulifikia. Mama alikufa na kiu, na maji yalikuwa mkononi mwangu.

Sasa nakusalimu vizuri. U mzima huko Kilosa? Baba mdogo anaendeleaje na kazi ya mkonge? Watoto je? Sisi tunapumua. Mvua imenyesha na mahindi yanafika magotini. Nilimaliza darasa la saba lakini sikuchaguliwa, niko nyumbani.

Baba alikuandikia kwamba mama alikufa kwa kichomi. Ni kweli, ila barua yake ilikuwa fupi.

Tulihamishwa jua likiwa kali. Lori lilituteremsha na vyungu na kuku, tukaonyeshwa viwanja vilivyopimwa kwa kamba, tukajenga vibanda vya nyasi. Mama alivitazama vilivyojipanga, akamwambia mke mwenzake, mama mkubwa, "Hapa nikipiga chafya, nyumba ya kumi wataniambia pole." Mama mkubwa alicheka hadi akakaa chini. Ndivyo alivyokuwa dada yako, hata siku ile. Lakini kisima tulichoahidiwa kilikuwa hakijachimbwa, na mto uko mbali.

Nilikuwa nimeanza mafundisho ya dini kwa Katekista Nikodemo. Mama alinisindikiza kila Jumapili na kukaa nje chini ya dirisha, kwa sababu alikuwa mke wa pili na hakuruhusiwa kubatizwa. Sala alizijua kunishinda. Nilishachagua jina langu la ubatizo, Agustina. Alilijaribu njiani, akasema, "Jina hili lina miiba kama samaki."

Siku aliyokufa mama, baba alikwenda kutafuta watu wa kumbeba mpaka hospitali. Tulibaki wawili, mimi na mama, wengine wakiwa mtoni. Tangu asubuhi alikuwa anakataa maji, anageuza uso. Kwenye kibuyu yalibaki kidogo. Mchana pumzi yake ikabadilika, nami nikaogopa. Tulifundishwa kwamba mtu akiwa anakata roho, yeyote anaweza kumbatiza. Nikamuuliza, "Mama, unataka?" Akaitikia kwa macho.

Nilimmwagia yote kichwani, nikisema maneno kama tulivyofundishwa. Kwa hofu, jina lililonijia ni langu tu.

"Ninaitwa nani?" akauliza.

"Agustina."

"Kumbe umenipa lako." Akatabasamu. Kisha akasema, "Haya, Waisiko, sasa nipe ya kunywa."

Kibuyu kilikuwa kitupu.

Nilikimbia kibanda hadi kibanda. Niliporudi na kikombe cha jirani, mama alikuwa ameshaondoka.

Baba aliporudi alikuta nywele za mama zimelowa na kibuyu kitupu kando ya kitanda. Akasema, "Angalau alikunywa." Alilirudia neno hilo kwa kila aliyekuja msibani.

Baada ya hapo niliacha mafundisho. Niliona nimemnyima mama maji nikampa maneno. Tena mimi mwenyewe sikuwa nimebatizwa, labda hata maneno hayakufaa.

Siku moja Katekista alinikuta njia ya mtoni. Nikamuuliza kama vile ni habari ya mtu mwingine: asiyebatizwa akimbatiza mtu, inakuwaje? Akasema, "Mkono ni wa kuazima tu, binti. Anayebatiza ni Mungu." Hakuniuliza zaidi. Alinisaidia kujitwisha ndoo, akaenda zake.

Nikarudi. Ijumaa Kuu tulisomewa jinsi Bwana Yesu alivyoona kiu msalabani, akapewa siki. Nilikuwa nimeyasikia hayo zamani, lakini sikuwa nimeyasikia. Nililia mbele za watu, mimi ninayeogopa hata kuitika jina langu darasani. Mama hakuwa peke yake katika kiu ile.

Usiku wa Pasaka nilibatizwa. Naitwa Esta. Katekista aliuliza Agustina amekwenda wapi, nikasema nimebadili mawazo. Maji yalinishuka usoni mpaka midomoni, nami nikayaonja. Ndipo nilipowaza kwamba labda na yeye tone moja lilimfika. Nalishika wazo hilo. Sisemi uchungu umekwisha. Hata leo nikimwona mtu anakunywa maji hadi kibuyu kiishe, natoka nje.

Msalimie baba mdogo na watoto. Mdogo wangu Nashoni anakusalimu, amejifunza kukamua. Bibi anakuombea, naye mama mkubwa, ambaye hutugawia chakula kama watoto wake, anakushika mkono. Mungu awalinde nyote chini ya paa lenu.

Unapomwombea dada yako, mtaje Agustina, lakini kimoyomoyo. Na hata ukija kumfariji baba, Mama Mdogo, siri hii ifunge. Juzi alikaa mlangoni, akaniambia tena, "Angalau alikunywa." Nikamwambia, "Ndiyo, baba." Usimwambie vingine.

Mwanao anayekupenda na kukukumbuka,
Waisiko Esta