Maji ya Watu wa Chini

Jumatatu, 8 Juni

Ng'ombe ameniamsha tena kabla ya saa. Siku ya nne kwa Shangazi Ndeshi. Kukata majani, kubeba, chai, kumenya ndizi. Baridi ya kwetu Sakina, mjini, ni ya kuvaa sweta. Ya huku juu, unakwenda jikoni na blanketi. Napenda. Nikikaa kimya hakuna anayeniuliza ninaumwa nini.

Shangazi anapeleka watalii kwenye mapango na chemchemi, hapo juu ya shamba. Kaka Elia, mwanawe, ndiye mkalimani. Leo jioni Elia kapigiwa simu, kapata kazi ya kupandisha wageni mlimani, siku sita. Wageni wa shangazi wanakuja kesho. Shangazi akaniangalia. Nikaangalia sufuria.

"Kidato cha tatu, shule ya Kiingereza kitupu. Hicho Kiingereza mnakifungia kabatini? Kesho unatafsiri wewe."

Nimesema sawa. Kwa shangazi hakuna jibu lingine.

Niandike ukweli, si naandika peke yangu. Kiingereza nakijua. Kuongea ndiko siwezi, hata kwa Kiswahili. Kwenye ripoti mwalimu kaandika: Aneth anajua lakini hanyooshi mkono. Baba alicheka. Mama hakucheka.

Jumanne, 9 Juni

Imekwenda vizuri. Halafu imekwenda vibaya. Naanza na vizuri.

Wageni wanne, wazungu, wapole. Pango la kwanza ni la popo. Unaingia umeinama, unaacha begi nje. Harufu kali ya kuchoma pua. Juu popo wananing'inia kama soksi kwenye kamba. Shangazi anaeleza, mimi nafuata. Kwamba zamani watu walichimba humu udongo wa chumvi kwa ajili ya mifugo, kwamba alama za majembe bado zipo ukutani. Sauti ilitetemeka mwanzoni, baadaye ikaacha yenyewe. Mama mmoja mrefu, Ingrid, alikuwa ananiuliza maswali kama mtu mzima. Nilimjibu yote. Nilijisikia mrefu. Tukatoka tumepakaa kinyesi cha popo mpaka magotini, tunachekana.

Pango la pili ndiko maji yanakotoka. Yanatoka gizani bila kelele, yanajaa kidimbwi, unaona kila kijiwe chini kama hakuna maji. Kutoka pale yanaingia mferejini na kushuka kwa zamu, kitongoji hadi kitongoji. Mengine yanafika mpaka Nduruma. Leo ilikuwa zamu ya watu wa chini yetu.

Wageni wakaanza kuvua viatu. Shangazi akaniambia, "Waambie hapa hatuingii. Hata mguu. Watu wa chini wanakunywa."

Maneno yote nilikuwa nayo. Yamejipanga kabisa. Ingrid ananiangalia anatabasamu, mguu mmoja juu. Kanisifia asubuhi nzima. Nikafungua mdomo. Nikasema maji ni ya baridi sana.

Wakacheka. Wakaingia wote wanne na suruali zao, wakajisugua. Kidimbwi kikawa rangi ya chai ya rangi.

Shangazi kaniuliza, "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Hilo la pili ndilo baya zaidi. La kwanza lilikuwa woga. La pili nililichagua.

Shangazi alipiga makofi, akawapungia mkono watoke. Na wao wakampungia.

Jumatano, 10 Juni

Mvua ya manyunyu. Sijatoka.

Dada anayeuza maziwa amekuja na habari. Jana Mama Glory, yule wa kitongoji cha chini mwenye mtoto wa miezi mitatu, alichota maji mferejini ya kumwogesha. Alishammwagia kopo la kwanza ndipo akasikia harufu. Mtoto mzima, hana kitu. Lakini ndoo zote alimwaga, na majirani zake wakamwaga.

Sikumaliza uji.

Alhamisi, 11 Juni

Baba Neema kaja na mabuti yake ya mpira. Ni mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alikataa kukaa, na mtu akikataa kukaa hapa ujue si salama. Kikao Jumamosi. Wapo wanaotaka njia ya chemchemi ifungwe kwa wageni moja kwa moja.

Alipoondoka shangazi alikaa kwenye kigoda muda mrefu. Ile njia aliifyeka yeye, miaka sita iliyopita, baada ya mumewe kufariki. Ndiyo iliyomsomesha Elia.

Halafu akaanza kuwasema wale wageni. Kawasema kwa jirani, kawasema kwa Elia kwenye simu. Watu wa namna gani wanaambiwa na mtoto wa watu kwa lugha yao na bado wanaingia. Anasema hataki tena kuwaona. Kila aliposema "wameambiwa" nilihisi masikio yanawaka.

Ingrid hana kosa. Anasemwa kijiji kizima na hajui.

Ijumaa, 12 Juni

Nimejaribu mara tatu kumwambia.

Asubuhi, anakamua. Nikasema "shangazi." Akasema shika ndoo vizuri. Nikashika ndoo.

Mchana, tunamenya ndizi. Jirani akaingia.

Jioni, ameniuliza mwenyewe kama nina jambo. Nimesema hapana.

Mimi ni mwoga. Ndiyo hivyo tu.

Jumamosi, 13 Juni

Kikao kilikuwa pale maji yanapogawanywa, kwenye nyasi. Watu kama thelathini. Wanaongea Kimeru, naelewa nusu. Niliyoyaelewa yalitosha. Mzee mmoja alisema wageni waishie pango la popo, maji waonyeshwe kwenye picha. Wengi waliitikia.

Shangazi akasimama. Hakulia wala hakubembeleza. Alisema ameishi kando ya maji haya tangu aolewe na hajawahi kuyachafua. Alisema siku ile alikataza, wageni wakapuuza. Baba Neema akauliza shahidi ni nani.

"Huyu hapa, binti wa kaka yangu. Ndiye aliyewaambia."

Alinishika bega akinisimamisha. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hana wasiwasi wowote. Baba Neema akahamia Kiswahili kwa ajili yangu. Hilo nalo lilinipa aibu.

Nikasema shikamooni. Wakaitikia marahaba, wakangoja. Mtu alikohoa.

"Shangazi alisema wasiingie. Mimi sikuwaambia. Niliwaambia maji ni ya baridi."

Baba Neema akauliza kwa nini.

"Niliona aibu kuwakataza wageni."

Halafu Mama Glory, mtoto mgongoni, akasema, "Ona. Yeye kaona aibu, mwanangu kaona mavi ya popo."

Wakacheka. Wanawake kwanza, halafu wote, hata yule mzee wa picha. Sikucheka. Shangazi hakucheka. Mkono wake haukuwa tena begani.

Waliongea Kimeru tena, haraka. Mwisho Baba Neema akatoa uamuzi: njia haifungwi. Jumatatu ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, nyumba ya shangazi inatoa watu wawili badala ya mmoja, na mmoja wao ni mimi.

Tukarudi. Nyumbani shangazi akavua kilemba, akakaa.

"Kuogopa wageni nakuelewa. Lakini nilikuuliza, ukasema umewaambia. Nikakuamini mbele ya watu wote wale. Na wale wenzetu nimewasema bure, siku tatu. Radhi yao nitaiombaje, kwa ishara?"

Nimesema nisamehe shangazi. Akasema weka chai.

Nimeweka chai. Aliinywa yote. Sijui kama hiyo ni kusamehewa.

Jumapili, 14 Juni

Ibada. Baadaye Elia kateremka mlimani, midomo imepasuka kwa baridi, kasikia yote barabarani kabla ya kufika mlangoni. Kaniita Mheshimiwa Shahidi mpaka usiku.

Tumetumia simu yake kumwandikia Ingrid. Shangazi kasema kwa Kiswahili, mimi nikaweka Kiingereza, na safari hii kila neno. Kwamba mlikatazwa na hamkuambiwa. Kwamba mtoto mchanga alimwagiwa maji yale. Kwamba nimewasema vibaya na nawaomba radhi. Alinitaka nimrudishie kwa Kiswahili nilichoandika, mstari kwa mstari. Anayo haki.

Jumatatu, 15 Juni

Msaragambo. Sijawahi kuchoka hivi. Unasimama mferejini matope yakifika gotini, unatoa tope, majani, mizizi, gunia la mtu. Nilikuwa kati ya shangazi na Mama Glory. Nimefundishwa kushika jembe mara tano. Mama Glory anasema nalima kama naandika barua.

Saa saba wakafungua maji. Wanaume juu walipiga mluzi, sote tukapanda ukingoni. Yalikuja polepole, yanasukuma povu na majani mbele, yakatupita. Wanawake wakaanza kuimba, na mimi nikaimba palipokuwa na maneno ninayoyajua.

Baba Neema alikuwa na daftari lake la majina ya msaragambo. Akaniuliza likizo ya Desemba nafika lini. Nikasema sijui, shule haijatangaza. Kaandika jina langu hivyohivyo, chini ya la shangazi.

Jumanne, 16 Juni

Malengelenge. Kalamu inauma, naandika kifupi.

Ingrid kajibu. Ujumbe mrefu. Shangazi kasikiliza, akasema haya si ya kwangu peke yangu, mpelekee Mama Glory.

Nimeshuka peke yangu na simu ya Elia. Mama Glory alikuwa ananyonyesha nje, juani. Nimemsomea kwa Kiswahili. Ingrid anasema kila akikumbuka zile suruali anaona haya, na kwamba kwao nako kuna kisima ambacho bibi yake asingeruhusu mtu atie mkono. Anauliza mtoto anaitwa nani.

Mama Glory kamgeuzia mtoto titi la pili. Akasema, soma tena pale pa bibi.

Nimesoma tena. Mtoto akalala.