Mbuzi za Waqo Hazihesabiwi

Baba Fartun, mwaka umezunguka tangu Mwenyezi Mungu akuchukue asubuhi ya Ijumaa, ukiwa na udhu wako. Kwa hilo tumesema alhamdulillahi. Lakini leo tunakukumbuka kwa hasira, na hatutaificha.

Waliosoma kwako wanajua ulivyokuwa. Chaki kwenye mfuko wa shati, mpaka hakuna shati lako nililofua bila doa jeupe. Chai ya maziwa ya ngamia. Salamu kwa kila mtu njiani, hata yule aliyekununia. Kengele ya jioni ikilia, wenzako wakikimbilia gari la kurudi mjini, wewe ulibaki. Ulikaa kwenye dawati la mtoto ambaye hakuelewa siku hiyo, ukatazama ubao kutoka mahali pake. Walikucheka: "Abdighani, unarudia gredi ya tatu?" Ukacheka nao.

Halafu ulikuja nyumbani ukaniambia, "Mama Fartun, leo nimefundisha vibaya." Sijui mwalimu mwingine anayemwambia mke wake hivyo.

Siku ya Tiya haitoki kichwani. Ulimwuliza huyo mtoto wa Waqo, mfugaji wa kule Gotu, kwao kuna mbuzi wangapi. Akanyamaza. Ukamwita mjinga, ukamsimamisha mbele hadi mapumziko. Ndipo akajibu akilia, "Mwalimu, mbuzi za baba hazihesabiwi. Nikizihesabu zitakufa." Wewe mtoto wa mjini, uliyezaliwa kwa watu wa malori, hukujua kwamba kwao mtu hataji idadi ya mifugo yake, asije akailetea balaa. Jioni ukinisimulia, chai ilipoa mbele yako. "Alikuwa analinda mali ya baba yake," ulisema, "na mimi nikamwita mjinga." Kesho yake ulimwomba msamaha mbele ya darasa, ukaanza kufundisha hesabu kwa mitungi ya maji. Tiya akawa wa kwanza kuinua mkono. Tangu hapo, mtoto akinyamaza, ulijiuliza kwanza ni nini wewe hujui.

Siku ya mazishi yako mwalimu mkuu alisimama hapa uani akasema, "Tutafuata nyayo zake." Nyayo gani? Aliyechukua darasa lako alimwuliza Tiya swali lile lile la mbuzi. Mtoto alipojaribu kueleza, akaambiwa ana kiburi na ushirikina, akafukuzwa mpaka aje na mzazi. Waqo alikuwa mbali, malishoni na ng'ombe. Muhula mzima Tiya amekuwa akichunga. Mbuzi aliokataa kuwahesabu ndio anaoshinda nao.

Nilimfuata mwalimu mkuu ofisini kwake.

"Pole, mama. Unajua tuko nyuma na silabasi."

"Na Tiya yuko nyuma ya mbuzi," nikamwambia. Akaanza kutazama simu yake.

Wewe pia nimekukasirikia, Mungu anisamehe. Yale uliyojifunza uliniambia mimi, jikoni. Kwenye ofisi ya walimu ulikaa kimya, hukutaka kumwaibisha mtu. Upole wako tuliupenda, lakini uliondoka na mambo ambayo wenzako walihitaji kuyasikia. Basi tumeyasema sisi, mbele ya watu.

Waqo amesharudi. Jumatatu mimi na yeye tutampeleka Tiya mpaka mlango wa darasa. Hatuendi kuomba msamaha. Mwalimu mkuu, kama unasoma hapa, tukute mlango wazi.

Dua yako itasomwa Ijumaa baada ya swala ya alasiri, nyumbani Chechelesi. Walimu wenzako pia tumewaalika. Chakula kitakuwepo, na maneno yatakuwepo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Saadia, wanao Fartun na Ahmednasir, kaka yako Kulmiye, dada yako Kinsi, na watoto wa darasa lako ambao bado wanatuuliza kama utarudi.

Mola akurehemu, Mwalimu Abdighani. Hutatutoka moyoni, na kunyamaza tumeacha.