Skola Anajifunza Kuona

Jumatatu, 3 Juni
Uji, nepi, kuni mbichi. Baridi ya Sumbawanga inakata masikio. Binti yangu Skola kaamka, kaja jikoni macho kayafumba, anapapasa ukuta kama zamani. Alizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wiki iliyopita kafanyiwa upasuaji kule Mbeya, wameuondoa. Miaka mitano hakuwahi kuuona uso wangu. Sasa anauona, hautambui. Mpaka niseme neno. Inauma.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwekea kikombe mezani. Kakitazama weee. "Sijui." Kakishika. "Kikombe!" Kacheka mwenyewe.
Daktari alisema macho yamefunguka, sasa akili ijifunze yanachoiletea. Siku ile sikumwelewa. Leo ndiyo.
Nje kagoma kuvuka kivuli cha paa. Anadhani shimo.

Alhamisi, 6 Juni
Mama mkwe kaja kutoka Namanyere. Kavua kitenge cha kujifunika baridi, kakitundika kwenye kiti. Yeye kakaa mkekani pembeni, kimya, anangoja kuamkiwa. Skola kapiga magoti, kapiga makofi taratibu kama tulivyomfundisha, kakiamkia kitenge.
"Mke mwenzangu, unaamkia nguo?" Bibi kamuuliza mjukuu wake.
Nilidhani anatania. Kisha kanigeukia mimi: macho yapo, akili haipo. Jumapili ya wiki ijayo atarudi. Akimkuta hivi hivi anamchukua, akakae kijijini, mjini bodaboda zitamgonga. Mume wangu yuko mpakani Kasesya na lori. Kwenye simu anasema mama ana haki.
Hana. Simtoi mtoto.

Ijumaa, 7 Juni
Kazi imeanza. Atazame kwanza, ataje, ndipo ashike. Kijiko. Kuku. Mguu wa mdogo wake. Amekosea karibu vyote. Nimemfokea, akalia, na mdogo naye akalia.
Baadaye nikafumba macho nijaribu kuchambua maharage kwa vidole. Nimetupa maharage, nimebakiza mawe. Skola kayarudia yote, hakukosea hata moja. Basi. Vidole vyake vimesoma miaka mitano. Macho ndiyo kwanza yameandikishwa.
Sitamfokea tena.

Jumatano, 12 Juni
Kakanyaga kivuli. Karudi nyuma, kakikanyaga tena. "Mama, hakuna shimo."
Nimeenda nyuma ya nyumba kulia kidogo. Kisha nepi.

Jumapili, 16 Juni
Mama mkwe kafika. Kwa makusudi kabisa kitenge kakitundika kwenye kamba ya nguo, yeye kasimama mlangoni, kimya. Mimi nimeuma midomo.
Skola kakitazama kitenge. Kafumba macho, kayafumbua. Katazama mlangoni, muda mrefu. Kisha magoti, makofi.
"Shikamoo Bibi. Mbona nguo yako haina kichwa?"
Marahaba ilitoka kwa sauti ndogo. Bibi kala ugali, kampakata mke mwenzake, kaondoka na basi la mchana. Peke yake.

Jioni sasa. Upepo umetulia, mdogo kalala. Skola ana ungo wa maharage mapajani. Anachambua macho wazi. Akichoka anayafumba, vidole vinaendelea.
Simkatazi.