Jumamosi Maji Huwa Safi

Jumamosi, mwezi wa sita. Jua kali, vumbi jingi, hakuna hata wingu moja juu ya milima. Nina hasira, na nimeamua kuandika kabla haijapoa.

Leo asubuhi nimesimama mbele ya watu wa mtaa wetu nikasema jambo ambalo niliambiwa nisiseme. Mama hajanisemesha tangu saa hiyo. Mwalimu wangu amechukua ufunguo wa kabati la klabu. Na mkubwa wa mtaa ameniita "kale katoto ka shule" mbele ya kila mtu, kana kwamba sina jina.

Ninalo. Naitwa Zuhura.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza, nieleze. Nyuma ya mtaa wetu wa Mutakura, karibu na kwetu, kinapita kijito. Mwaka jana watoto waliokuwa wakioga mle walitokwa na vipele mwili mzima, na mkubwa wa mtaa akakataza watu kuyatumia maji yake hadi yatakapoonekana kuwa salama. Mama analima mboga za lengalenga kando ya kijito hicho, nyuma ya matete yanayoficha maji. Tangu siku ile tunamwagilia kwa maji ya bomba, tena bomba la mbali, bidoni, yaani dumu, kichwani, mimi na yeye.

Wanaoyapima maji ni sisi, klabu ya shule. Hakuna anayetulipa, na hatujamwomba mtu. Tuna wavu tulioushona kwa chandarua kikuukuu, beseni jeupe, na karatasi ndogo zinazobadilika rangi maji yakiwa na kemikali. Mmoja anaingia mtoni na kupekua mawe kwa mguu, mwingine anakinga wavu upande maji yanakokwenda. Kilichonaswa tunakimwaga kwenye beseni, tunainama, tunatazama. Mwalimu ndiye aliyetufundisha kwamba maji yenye afya yana wakazi wake: vidudu vyembamba vyenye mikia mitatu, vinavyong'ang'ania chini ya mawe. Uchafu ukiingia, hivyo ndivyo hufa kwanza.

Tulikubaliana kupima kila Jumamosi, mara tu baada ya kazi za pamoja, zile wengi wanazoziita travaux. Ilionekana ni akili nzuri. Jumamosi asubuhi mtaa mzima unatoka na majembe na mafagio, maduka yamefungwa, magari hayatembei, na sisi tuko nje tayari, tumevaa nguo za kuchafuka. Tukimaliza kufagia barabara tunateremka mtoni.

Na kila Jumamosi maji yalikuwa safi. Unaona hadi mchanga. Karatasi haibadiliki. Rafiki yangu Divine, ambaye hufanya mzaha hata msibani, alisema kijito chetu kimeokoka.

Lakini vidudu vya mikia mitatu havikuwepo. Hata kimoja.

Tulipata minyoo myekundu tu, ile inayovumilia uchafu. Niliuliza. Mwalimu akasema mvua imevisomba vile vingine, vitarudi. Nilikubali, kwa sababu yeye ni Mwalimu, na kwa sababu nilitaka sana iwe kweli. Kisha mvua ikakatika, kiangazi kikaingia, na havikurudi.

Jumatano nilipotoka shule nilipita njia ya kijito, ambayo tangu katazo karibu hakuna anayeipita, kwenda kumsaidia Mama shambani. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Povu lilikuwa limekaa juu ya majani. Nilikuwa na karatasi moja mfukoni, nikaichovya, ikageuka buluu iliyokolea. Nikafuata povu kwenda juu hadi kwenye karakana ya sabuni, pale wanapochemsha mawese na magadi makali. Mtaro wao unapita chini ya ukuta na kumwaga moja kwa moja mtoni. Nikapanda tena hatua chache, juu ya mtaro, nikageuza jiwe. Vidudu vyangu vilikuwepo, vinatingisha mikia.

Nilikaa pale nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Nani anachemsha sabuni Jumamosi asubuhi? Wachemsha sabuni wako barabarani na majembe, pamoja na sisi. Tulikuwa tumechagua asubuhi ambayo kila mtu amekatazwa kazi zake, tukaifanya siku ya kupima, kisha tukashangilia maji safi.

Alhamisi nilimweleza Mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa hilo namshukuru. Kisha akasema majibu ya Jumatano si ya klabu, kwa kuwa siku ya klabu ni Jumamosi. Mkubwa wa mtaa alikuwa ameshamwomba atangaze mbele ya watu kwamba maji ni mazuri na katazo limekwisha.

"Usituharibie, Zuhura," akaniambia. "Watu wamengoja mwaka mzima."

Najua wamengoja. Mmoja wao ni mama yangu.

Jana tulipokuwa tunamenya ndizi nilimwambia naye. Akaweka kisu chini.

"We mutoto, hujachoka kubeba maji? Mi nimechoka. Shingo iko inaniuma kila siku ya Mungu. Wakubwa wakisema iko safi, iko safi."

Niliendelea kumenya ndizi. Nilifikiria lengalenga tunazouza, na watu wanaozila. Nilifikiria watoto watakaorudi kuoga siku hiyohiyo ya tangazo. Nilifikiria pia shingo yangu mwenyewe, sitadanganya. Ingekuwa rahisi sana kunyamaza. Ningelala vizuri kwa siku mbili hivi.

Leo, kazi zilipokwisha, watu wakakusanyika kama kawaida kusikiliza matangazo. Mwalimu akasimama, akasema klabu imepima na maji ni safi. Watu wakapiga makofi. Mama naye alipiga, nikaona uso wake umefunguka jinsi ambavyo sikuwa nimeuona kwa miezi mingi.

Hapo ndipo nilipoinua mkono, na nikaanza kusema kabla hawajanipa nafasi.

Nilisema maji ni safi Jumamosi, kwa sababu Jumamosi tumeacha kazi wote. Nikasema Jumatano ni meupe, yana povu, na karatasi inageuka buluu. Nikataja mtaro.

Kisha muuza makaa wa kona yetu akapaza sauti: "Sasa we, ivyo vidudu vyako navyo vinakuja kwenye travaux?"

Watu wakaangua kicheko. Divine, huko nyuma, hakuweza kujizuia: "Apana, vilihama! Vilichoka kuoga sabuni kila siku!"

Wakacheka zaidi, lakini safari hii baadhi walikuwa wanageuka kuangalia upande wa karakana.

Mkubwa wa mtaa hakucheka. "Kale katoto ka shule kanatafuta nini? Siku ya kupima tuliikubali wote. Ni Jumamosi. Imeisha."

"Shefu, unisamehe," nikasema, "lakini watoto hawaogi Jumamosi peke yake. Twende wote Jumatatu. Na wewe uje, uingize mkono wako mtoni."

Akatazama huku na huku. Nadhani alikuwa anatafuta mtu mzima wa kunitoa pale. Ndipo mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, bila kupaza sauti: "Huyu wangu ndiye alitokaga vipele. Mi nitaenda iyo Jumatatu."

Mkubwa wa mtaa akasema basi, tangazo lingoje, tutaona hiyo Jumatatu. Katazo limebaki. Watu wakaondoka na majembe yao wakinung'unika, na hakuna aliyenipongeza. Mwalimu aliniambia klabu imefungwa hadi tujifunze nidhamu. Mama akanipita bila kunitazama.

Jioni hii tumebeba bidoni kama siku zote, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye bomba alinisaidia kujitwisha, mkono wake ukiwa mwepesi na wa uangalifu, lakini hakusema neno. Ningependa anigombeze. Kugombezwa nakuweza.

Je, nimemkosea? Nimejiuliza njia nzima. Nimemrudishia mzigo ambao alikuwa ameanza kuutua. Hilo ni kweli na linaniuma. Lakini mzigo ule niliuweka kichwani kwangu pia, na siuombei msamaha. Wanaosema nimewaaibisha wakubwa wanaweza kuendelea kusema. Mimi sikumtukana mtu. Nilitaja siku ya wiki.

Kabati limefungwa, lakini kwao Divine kuna chandarua kilichotoboka na bibi yake ametupatia sindano. Kesho tutakishona.

Divine ameniuliza swali moja. "Wale wa sabuni wamesikia tunakuja. Na kama wasipochemsha Jumatatu? Tukute maji ni safi, na Shefu amesimama pale?"

Basi nitasema ni safi, mbele ya Shefu, kwa sauti ileile ya leo. Na Jumanne nitashuka tena. Na Alhamisi. Wao hawawezi kuacha kuchemsha sabuni kila siku kwa ajili ya kunikwepa, na mimi njia ya kijito kutoka shule iko palepale.